Neva si Mshipa, Wala si Waya

Lugha yetu imelitwika neno mshipa mizigo mingi. Kinachopitisha damu ni mshipa, kinachotokeza shingoni mwa mtu anayefoka ni mshipa, na kile kinachokifanya kidole kihisi ncha ya sindano nacho ni mshipa, ingawa hapo tunaongeza neno fahamu ili msikilizaji asichanganye. Si kosa la mtu yeyote, kwa maana neva ikitazamwa kwa macho matupu ni kamba nyeupe iliyolala sambamba na mishipa ya damu, na hakuna kinachoonekana kikipita ndani yake. Lakini kila neno huja na picha yake, na picha ya mshipa ni ya mfereji: kitu kinaingia upande huu, kinasafiri, kinatokea upande ule. Anayeikataa picha hiyo mara nyingi huweka mahali pake picha ya waya wa umeme, akiamini kuwa sasa amefika. Ninaona kuwa picha zote mbili zinapotosha, na kwamba zinapotosha mahali hasa ambapo seli ya neva inafanya jambo lake kubwa kuliko yote. Ujumbe unaofika ubongoni kutoka kwenye kidole cha mguu hautoki huko kama maji yanavyotoka kisimani. Unazaliwa upya katika kila sehemu ya njia, kwa nguvu ya sehemu hiyo hiyo, na asiyelielewa hilo hataelewa dawa ya ganzi inafanya nini, wala kwa nini baadhi ya magonjwa ya neva huja na dalili zinazoshangaza kiasi kile.

Picha ya mfereji iliwashika watu wenye akili kubwa. Katika karne ya 17 René Descartes aliziona neva kuwa mirija myembamba ambamo kitu laini kama upepo kilitiririka kutoka ubongoni na kuijaza misuli hadi ikatuna. Jan Swammerdam, katika karne hiyo hiyo, aliipima dhana hiyo kwa jaribio ambalo bado linavutia kwa wepesi wake: aliufungia msuli wa chura ndani ya chombo cha kioo chenye shingo nyembamba, akaweka tone la maji shingoni, kisha akaichokoa neva. Msuli ulijikunja, lakini tone halikupanda. Kama kuna kitu kilichomiminwa ndani ya msuli, hakikuongeza ujazo wake hata kidogo.

Ndipo ukaja umeme. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alichapisha majaribio yake ya miguu ya chura iliyorusharusha misuli ilipoguswa, akadai kuwa mnyama ana umeme wake mwenyewe mwilini. Na kufikia katikati ya karne ya 19 Emil du Bois-Reymond alikuwa amepima badiliko la umeme linaloandamana na msisimko wa neva. Mrija ukampisha waya. Kwa kuwa umeme ulijulikana kwa wepesi wake, mwanafiziolojia mashuhuri Johannes Müller aliona kuwa huenda kasi ya ujumbe wa neva isipimike kamwe. Mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, aliipima mwaka 1850 kwa kutumia neva ya chura, akapata takriban mita 30 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, na ishara ya umeme katika waya wa shaba huikaribia kasi ya mwanga. Kwa hiyo kilichokuwa kikipita katika neva kilikuwa na umeme ndani yake bila shaka, ila kilikwenda polepole kuliko ukelele wa mtu. Kwa maoni yangu, namba hiyo ilitosha kuizika picha ya waya siku ile ile.

Tukitaka kuutendea waya haki, tuukague kama fundi umeme angeukagua. Aksoni, yaani ule uzi mrefu unaochomoza kutoka kwenye mwili wa seli ya neva, mara nyingi ina upana wa sehemu moja tu ya elfu ya milimita, au mara chache ya hapo. Ndani yake mna maji yenye chumvi, ambayo hupitisha umeme vibaya mara mamilioni kuliko shaba. Ganda lake, utando wa mafuta wenye unene wa takriban nanomita 5, yaani sehemu 5 za milioni ya milimita, linavuja. Ukiingiza msukumo mdogo wa umeme upande mmoja na kuiacha fizikia ifanye kazi peke yake, msukumo huo hufifia na kupotea ndani ya milimita chache. Wakati huo huo, aksoni zinazotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo wa mtu mzima hadi kwenye vidole vya mguu zina urefu wa takriban mita 1. Hakuna fundi ambaye angeupokea waya wa namna hiyo.

Seli inaushinda udhaifu huo kwa kulipa gharama mapema. Kwenye utando wake kuna pampu za protini, ambazo kazi yake ilifichuliwa na Jens Christian Skou mwaka 1957, na kila pampu ikikamilisha mzunguko mmoja hutoa nje ioni 3 (atomi zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, ikitumia molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Matokeo yake ni kwamba sodiamu hulundikana nje na potasiamu hulundikana ndani. Potasiamu kiasi huvuja kurudi nje kupitia milango yake iliyo wazi, ikiacha ndani upungufu wa chaji chanya, mpaka tofauti ya umeme kati ya pande mbili za utando inatulia kwenye takriban milivolti 70, ndani kukiwa hasi. Namba hiyo inaonekana ndogo hadi ukumbuke wembamba wa utando wenyewe. Milivolti 70 zikikaa juu ya nanomita 5 ni sawa na volti milioni 14 kwa kila mita, ilhali hewa kavu hupasuka kwa cheche ikifikia kiasi cha volti milioni 3 kwa mita. Seli ya neva iliyotulia ni upinde uliokwisha kuvutwa.

Mfano ninaouona kuwa wa haki zaidi kwa kinachofuata ni ule wa moto katika nyasi kavu. Kwenye utando wa aksoni kuna milango ya sodiamu inayoitikia umeme. Tofauti ile ikipungua kutoka milivolti 70 hadi karibu 55, baadhi ya milango hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, ndani kunazidi kuelekea chanya, na badiliko hilo hufungua milango mingine, nayo hufungua mingine zaidi. Katika sehemu ndogo ya milisekunde, ndani ya seli kunageuka kuwa chanya kwa milivolti 30 au 40. Kisha milango ya sodiamu hujifunga yenyewe, ile ya potasiamu hufunguka kwa wingi, na hali hurejea ilivyokuwa. Katika aksoni nyingi mshtuko wote huchukua kama milisekunde 1. Umeme uliozuka mahali hapo husambaa mbele kidogo tu, kadiri waya mbovu unavyoruhusu, lakini kidogo hicho kinatosha kukiwasha kipande kinachofuata, nacho huwaka kwa akiba yake chenyewe, kikiwa na nguvu zile zile. Ndiyo maana ujumbe ulioanzia kidoleni haufiki umechoka. Na kama moto usivyoweza kurudi ulikotoka kwa kuwa nyasi za huko zimekwisha kuungua, mshtuko nao haurudi nyuma, kwa sababu milango iliyotoka kujifunga hukataa kufunguka kwa muda mfupi. Mfano wangu una upungufu mmoja, kwamba nyasi za neva huota tena ndani ya milisekunde chache, zikawa tayari kuungua upya. Ioni zinazovuka katika mshtuko mmoja ni chache mno zikilinganishwa na zilizomo, kiasi kwamba aksoni kubwa iliyozimiwa pampu zake bado inaweza kutoa maelfu ya mishtuko kabla ya kuishiwa.

Maelezo haya yana deni kubwa kwa ngisi. Mwaka 1936 J. Z. Young alibainisha kuwa mnyama huyo ana aksoni zenye upana unaoweza kukaribia milimita 1, kubwa mara mamia kuliko nyingi za kwetu, na mwaka 1939, katika maabara ya viumbe wa bahari huko Plymouth, Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza kirekodi chembamba ndani kabisa ya aksoni ya namna hiyo. Nadharia iliyotawala wakati huo, iliyotolewa na Julius Bernstein mwaka 1902, ilisema kuwa wakati wa mshtuko utando hupoteza uwezo wake wa kuchagua kinachopita, hivyo tofauti ya umeme inapaswa kuanguka hadi sifuri na kuishia hapo. Walichokiona kilipita sifuri na kuzama katika chanya. Utando haukuwa umelegea tu. Ulikuwa umefanya tendo. Vita Kuu ya Pili iliwatawanya, na ni mwaka 1952 ndipo walipochapisha milinganyo inayoeleza jinsi milango ya sodiamu na potasiamu inavyofunguka na kufungwa kwa kufuata umeme na wakati. Kompyuta ya Cambridge haikupatikana wakati huo, kwa hiyo Huxley alifanya hesabu zote kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Milinganyo ilitabiri kasi ya mita 18.8 kwa sekunde katika aksoni ya ngisi, na kipimo halisi kilikuwa mita 21.2. Hakuna aliyekuwa ameuona mlango hata mmoja wakati huo. Mkondo unaopita katika mlango mmoja pekee wa utando wa seli ulirekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976 na Erwin Neher na Bert Sakmann. Ninalikumbusha hili kila mara kwa wale wanaodhani kuwa hoja hii ni ya kuchagua mfano mzuri tu wa kufundishia. Kasi ambayo picha ya waya haikuweza kuieleza ilitoka yenyewe ndani ya hesabu za utando unaowaka kipande kwa kipande.

Kutokana na hayo kuna swali linaloibuka. Kama kila mshtuko una ukubwa uleule, mwili unajuaje kuwa hiki ni vuguvugu na kile kinaunguza? Edgar Adrian alilijibu katika miaka ya 1920 kwa kurekodi mishtuko ya nyuzi moja moja za neva: kichocheo kikizidi, mishtuko huongezeka idadi kwa sekunde, wala haikui. Aina ya habari nayo hutambulika kwa njia iliyopitia, kwa kuwa mshtuko wa neva ya jicho na wa neva ya sikio haitofautiani kwa lolote la msingi. Bonyeza taratibu pembe ya jicho ukiwa umelifumba na utaona duara la mwanga gizani. Jicho limebonyezwa kwa kidole tu, lakini ubongo haujui kuusoma ujumbe wa neva yake kwa namna nyingine ila kama mwanga.

Kuhusu kasi, lazima niuachie waya nafasi yake. Nyuzi nyembamba zisizo na kifuniko hupeleka mishtuko kwa kasi ya kati ya mita 0.5 na 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Nyuzi nyingine hufunikwa na mayelini, tabaka za mafuta ambazo seli za jirani huzizungushia aksoni mara nyingi, zikiacha mianya midogo iliyopewa jina la Louis-Antoine Ranvier. Milango ya sodiamu imesongamana kwenye mianya hiyo. Kati ya mwanya na mwanya, umbali ambao waweza kufikia milimita 1 au zaidi, aksoni kweli hufanya kazi kama waya uliovikwa vizuri, na umeme hupita hapo upesi. Ukifika kwenye mwanya umefifia kiasi, na hapo moto huwashwa upya. Kwa mpango huo kasi yaweza kufikia karibu mita 120 kwa sekunde. Ukijikwaa kidole unaweza kuzisikia njia hizo mbili kwa mpangilio: kwanza maumivu makali ya ghafla yanayofika kwa nyuzi zenye mayelini nyembamba, halafu, pengine sekunde nzima baadaye, yale ya kuchoma na kudumu yanayokuja kwa nyuzi zisizo na kifuniko.

Mwisho wa aksoni ndipo waya unaposhindwa kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Camillo Golgi aliamini kuwa seli za neva zimeungana zikawa wavu mmoja, na Santiago Ramón y Cajal, aliyezitazama kwa rangi iliyobuniwa na Golgi mwenyewe, alishikilia kuwa kila seli imesimama peke yake. Mwaka 1906 walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja huku hawakubaliani. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Kati ya seli na seli pana mwanya wa takriban nanomita 20, mahali ambapo Charles Sherrington alikuwa amepaita sinapsi tangu 1897. Mshtuko ukifika ukingoni, milango ya kalsiamu hufunguka, na kalsiamu inayoingia huvifanya vifuko vidogo sana vilivyojaa kemikali vijiunge na utando na kumwaga vilichobeba. Kemikali huvuka mwanya, hukamata vipokezi upande wa pili, na kufungua milango mipya. Ziko sinapsi ambazo umeme huvuka moja kwa moja, lakini katika mwili wa binadamu zile za kemikali ndizo nyingi.

Otto Loewi alilithibitisha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura. Aliichochea neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuyahamishia kwenye moyo wa pili usio na neva yoyote iliyochochewa, nao ukapunguza mapigo. Kilichosafiri kutoka moyo hadi moyo kilikuwa ndani ya majimaji: asetilikolini, kemikali ile ile ambayo neva huitumia kuiamuru misuli ya mifupa. Hapo ndipo sumu nyingi hushambulia. Sumu ya botulini huzuia vifuko visimwage, na msuli hulegea. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hukamata kimeng'enya kinachopaswa kuivunja asetilikolini baada ya kazi yake, amri ikawa haifutiki, mate yakatiririka, misuli ikachezacheza na hatimaye pumzi ikashindwa. Waya hauna sehemu yoyote ya kushambuliwa hivyo.

Sinapsi huleta pia jambo ambalo mfano wa moto wenyewe hauwezi kulibeba, nalo ni uamuzi. Seli moja ya ubongo yaweza kupokea maelfu ya sinapsi, na kila moja huongeza au kupunguza umeme wake kwa kiasi kidogo kisichotosha kuwasha chochote. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki kinavuja: punje zisipofika karibu karibu, za mwanzo zinakuwa zimekwisha kuponyoka kabla ya za mwisho kuwasili. Tena kuna sinapsi ambazo kazi yake ni kuchota. Tunazisahau mara nyingi mno hizi za kuzuia, kana kwamba kunyamazisha ni upungufu wa kusema. Pepopunda hutufundisha uzito wake. Sumu ya vijidudu vyake hupanda kwa kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo na kuzima sinapsi za kuzuia peke yake, na mgonjwa hukazwa taya na mgongo kwa misuli yake mwenyewe, iliyoachiwa amri zote bila ya breki.

Dawa ya ganzi nayo husomeka vizuri sasa. Lidokaini huingia ndani ya milango ya sodiamu na kuiziba. Neva haijakatwa, haijabanwa, na jino linalong'olewa bado linachochea ncha zake kwa ukali wote. Ni kwamba kuna kipande cha njia kisichoweza kuwaka, na mshtuko ukifika hapo unazimika. Dawa ikiisha, milango hufunguka na njia ni ileile.

Lakini ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi unatoka katika ugonjwa wa maltipo skilerosisi, ambamo kinga ya mwili huishambulia mayelini ya ubongo na uti wa mgongo. Daktari humketisha mgonjwa mbele ya miraba myeusi na myeupe inayobadilishana rangi na kupima kwa vibandiko vya kichwani wimbi ambalo, kwa mtu mwenye afya, huonekana sehemu ya nyuma ya ubongo baada ya takriban milisekunde 100. Kwa mgonjwa ambaye neva ya jicho lake imepoteza mayelini, wimbi mara nyingi linafika, ila linafika limechelewa. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya kazi ngumu na kurejea baada ya mapumziko, na baadaye ilitambulika kuwa joto la mwili ndilo lililohusika. Mwili ukipata joto, milango ya sodiamu hujifunga upesi zaidi, na kila mshtuko hutoa umeme kidogo zaidi wa kuwashia kipande cha mbele. Neva yenye afya ina ziada ya kutosha kulivumilia hilo, kwa kuwa kila mwanya huzalisha umeme mara kadhaa ya unaohitajika. Mahali palipochunwa mayelini ziada hiyo imekwisha kuvujia kandoni, na ongezeko dogo tu, hata la nusu digrii, laweza kuuzima mshtuko kabla haujavuka. Mgonjwa huoga maji ya moto na dunia ikaingia ukungu. Mwili ukipoa, miraba, herufi na nyuso hurudi mahali pake.